Amri Isiyofika Miguuni

Jumatatu, tarehe 12 Oktoba 1992. Asubuhi hiyo ukungu mwembamba ulikuwa umelala juu ya mikorosho ya Kitangari, na chini yake upepo mkavu ulipita ukisukuma vumbi jekundu kutoka uwanja mmoja hadi mwingine. Mawingu yalikuwepo, lakini ni yale ya kudanganya watu: alfajiri yanakusanyika, ikifika saa tatu yameshatawanyika, na jua linabaki na kazi yake mpaka jioni.

Winfrida alikuwa bado amepiga magoti kwenye mkeka, sala yake ya asubuhi imefika kwenye kuombea mvua, aliposikia ndoo ikianguka uani.

"Lois! Umeipasua?"

"Hapana, mama."

"Sasa mbona huiokoti? Wenzako wameshafika bondeni, wewe unacheza na ndoo."

Kisha sauti ya mtoto ikaja, ndogo, bila kilio: "Mama, naituma miguu, haiendi."

Winfrida alitoka na maneno makali mdomoni, yakamfia hapo hapo. Lois, binti yake wa miaka kumi na miwili, alikuwa amekumbatia nguzo ya jiko, amesimama kwa ncha za vidole kama mtu anayechungulia juu ya ua wa jirani. Magoti yake yalikuwa yamebanana. Alipojaribu kupiga hatua, mguu haukukunjika. Ulizunguka pembeni ukapita mbele ya mwenzake kama makali ya mkasi, na mtoto akaenda chini. Jana yake tu alikuwa amepanda mlima kutoka kisimani na ndoo kichwani, anaimba.

"Inauma wapi?"

"Haiumi popote." Lois aliitazama miguu yake kama mtu anavyotazama mbuzi wa jirani aliyeingia shambani. "Imekaza tu."

Walimkanda kwa mafuta ya nyonyo. Walimfunga majani ya moto. Vitalis, mume wa Winfrida, mtu wa maneno machache, alimnyanyua binti yake asubuhi na jioni akamsimamisha, na kila mara miguu ilikaza ikatetemeka. Siku ya tatu Vitalis alisema, "Mpeleke Masasi. Nenda na kaka." Yeye hakuweza kuondoka, korosho zilikuwa zimeanza kudondoka, na korosho isiyookotwa leo kesho ina mwenyewe mwingine.

Basi Alhamisi Winfrida, Lois na shemeji yake Erasto walidandia roli la mnunuzi wa korosho, mmoja wa hao walioanza kuingia vijijini tangu biashara ilipoachiwa huru. Roli lilipita Newala, likateremka ukingo wa nyanda za juu kwa kunung'unika, na saa saba mchana likawashusha Mkomaindo, mbele ya hospitali.

Njia nzima Winfrida alikuwa akiomba jambo moja tu: mtoto atembee, arudi shule. Lois alikuwa darasa la sita na hesabu zake zilikuwa zikimtia aibu hata kaka yake mkubwa wa sekondari. Mwaka ujao angefanya mtihani wa la saba. Hiyo ndiyo njia ya pekee ambayo Winfrida aliiona ikitoka Kitangari bila kupita kisimani.

Bahati, au jibu la sala, ilikuwa kwamba wiki hiyo kulikuwa na mgeni kutoka Dar es Salaam, daktari wa mishipa ya fahamu. Aliitwa Dakta Salmini. Alikuwa Myao, mzaliwa wa Masasi hapo hapo, mwembamba, miwani imening'inia shingoni kwa uzi wa viatu.

"Shikamoo, daktari."

"Marahaba, mama. Mmetoka wapi?"

"Kitangari."

"Mmakonde wa Newala kuja kutibiwa na Myao!" Daktari aligeuka kwa muuguzi. "Andika tarehe, hii haitatokea tena."

"Biashara huria, daktari," Erasto alijibu bila kukawia. "Siku hizi tunanunua popote, hata kwenye duka bovu."

Walicheka wote, hata Lois. Kisha daktari akaanza kazi, na kicheko kikaisha polepole, kwa sababu Winfrida hakuwahi kuona kazi ya namna ile. Daktari hakuwa na sindano. Hakuwa na dawa. Alimwangalia mtoto macho, akamwambia atoe ulimi, akampa vidole viwili avibane kwa nguvu. Alimwambia afumbe macho ataje kidole kipi cha mguu kinaguswa, na Lois akataja vyote kumi bila kukosa. Alimwambia asome tangazo la chanjo lililobandikwa ukutani. Alimwambia aanzie mia moja, atoe saba, na saba tena.

"Tisini na tatu. Themanini na sita. Sabini na tisa. Sabini na mbili. Sitini na tano..."

"Basi, basi. Utanipita."

Ndipo akatoa mfukoni nyundo ndogo yenye kichwa cha mpira. Aligonga chini ya goti la Lois kwa wepesi, hata kidole kingegonga kwa nguvu zaidi. Mguu uliruka kama uliochomwa moto, ukakaribia kumpiga tumboni. Winfrida alishtuka akasema, "Bwana!" Daktari hakushtuka. Aliushika unyayo, akausukuma juu kwa ghafla, akaushikilia. Nao ukaanza kudundadunda wenyewe juu ya kiganja chake, haraka haraka, mfululizo, kama mguu wa fundi kwenye cherehani.

"Acha, mwanangu," Winfrida alimwambia.

"Si mimi, mama," Lois alisema, macho yamemtoka. "Wallahi si mimi."

Mwisho daktari alichukua ufunguo wa mlango, akauburuta taratibu kwenye unyayo kutoka kisigino kwenda mbele. Kidole gumba cha mguu wa Lois kilinyanyuka juu, polepole, kama mwanafunzi anayenyoosha mkono darasani. Dakta Salmini alikitazama kwa muda, akaurudisha ufunguo mfukoni.

"Ugonjwa hauko miguuni," alisema. "Miguu ni mizima." Aliweka mkono juu ya utosi wa Lois. "Uko huku juu, kwenye ubongo."

Erasto alisimama. Alivaa kofia yake, akaivua, akasema anakwenda kutafuta maji ya kunywa. Hakurudi. Baadaye ilijulikana kwamba alilikuta roli lile lile linageuza kwenda Newala, akapanda, na neno alilolisikia akalibeba hivyo hivyo, nusu, mpaka Kitangari.

Winfrida alibaki. Alitaka kulia, lakini lilimzidi lile jambo la ajabu. "Daktari, umegonga goti. Kichwa hukukigusa. Umejuaje yaliyomo?"

Daktari alimtazama kama mtu aliyekuwa akisubiri kuulizwa hivyo tangu asubuhi. Alivuta kiti. "Kaa, mama. Uache mguu uning'inie. Usijikaze. Umejikaza! Shika vidole vya mkono huu kwa vya mkono huu, uvivute kama unavyogombania kamba. Vuta."

Winfrida alivuta, na wakati akili yake iko mikononi, nyundo ikamgonga chini ya goti. Mguu wake ukarusha unyayo mbele kidogo, kwa adabu, ukatulia.

"Nani ameutuma?"

Alifikiri kwa bidii. "Sijui. Mimi sikuutuma."

"Hukuutuma. Habari ya goti ilikwenda uti wa mgongo, ikajibiwa hapo hapo, ikarudi. Kichwani walipata taarifa baadaye. Kijijini kwenu yupo balozi wa nyumba kumi? Haya. Uti wa mgongo una mabalozi kama hao. Ugomvi wa kuku anaumaliza balozi, hauendi wilayani. Lakini wilaya haijalala. Kila wakati inatuma neno: taratibu, usizidishe, nyoosha, kunja. Sasa njia ya kutoka wilayani ikikatika, balozi anafanya nini?"

"Anajifanya mfalme," Winfrida alisema.

"Anajifanya mfalme! Kila anachosikia anakipigia kelele. Ndiyo maana goti la huyu binti linaruka, ndiyo maana miguu imekaza. Balozi yupo. Wilaya ipo. Amri ndiyo haifiki."

Alichukua kalamu akachora nyuma ya karatasi ya dawa. Alimwonyesha kwamba chini ya utosi, pale pale mama anapoweka mkono kumbariki mtoto, kuna sehemu ya ubongo isiyozidi upana wa vidole vichache, na hiyo ndiyo inayotuma miguu. Ya upande wa kulia inatuma mguu wa kushoto, ya kushoto inatuma wa kulia. Njia zinapishana shingoni, kwa nini zinapishana hakuna ajuaye kwa hakika. Alisema ubongo mzima haufiki uzito wa kilo moja na nusu, ni laini kama uji ulioganda, na haujui maumivu ukiguswa. Alisema chembe moja hai, moja tu, inaanzia utosini na uzi wake unashuka mpaka karibu na kiuno bila kuungwa, mwembamba kuliko unywele kwa mara nyingi, na neno linapita humo likafika kabla hujapepesa jicho.

"Uzi mmoja," Winfrida alirudia. "Kutoka hapa mpaka hapa."

"Mmoja. Na kichwani mwako zimo chembe nyingi kuliko majani ya mikorosho yote ya Newala na Masasi. Nimesoma miaka mingi, mama, na kila siku naona nipo mlangoni."

"Na mnazionaje, kama ziko ndani ya fupa?"

Daktari alicheka kwa chini. "Zamani tulisubiri mtu afe. Sasa tunabisha hodi." Alisimulia kwamba alipokuwa masomoni ng'ambo walimkalisha kitini, wakamwekea juu ya utosi kitu cha duara chenye nguvu ya sumaku. Kilitoa mlio kama mjeledi. Hakikumkata, hakikumwunguza. Lakini papo hapo dole gumba la mkono wake liliruka.

"Nililitazama nikasema, wewe ni wangu au si wangu? Mtu mwingine amebonyeza kitufe, mimi nimecheza. Siku ile sikula chakula cha mchana. Nilikaa tu nikikikunja na kukikunjua kile kidole, nikimshukuru Mwenyezi Mungu kwamba kila siku ananiachia mimi kitufe."

Winfrida alitazama mkono wake juu ya goti. Alikikunja kidole kimoja, akakikunjua. Kilitii. Miaka thelathini na sita kilikuwa kikitii, katika kulima, kuteka, kutwanga, kufunga mikono kusali, naye hakuwahi kukishukuru hata mara moja. Alisikia mwili wake wote umekuwa kanisa ambalo alikuwa akiingia bila kupiga goti. Machozi yakamtoka, na hayakuwa ya huzuni peke yake.

Ndipo daktari akauliza, kwa sauti ile ile ya kawaida, "Mlikuwa mnakula nini tangu Agosti?"

"Ugali wa muhogo, daktari. Chakula hakuna."

"Mtamu au mchungu?"

"Mchungu."

"Mliukausha siku ngapi?"

Winfrida alianza kuhesabu nyuma. Mwaka jana dari ya jikoni kwake ilikuwa imejaa makopa, muhogo uliomenywa na kukauka juani wiki nyingi mpaka unalia kama mfupa ukigongwa. Maroli yalipoanza kuingia kijijini, mfanyabiashara mmoja alitoa mabati kwa makopa. Winfrida na Vitalis walikaa, wakapanga, wakaliombea. Juu ya nyanda zile maji yako chini kabisa bondeni, mtoto anatumia nusu siku kwa ndoo moja. Nyumba ikiwa na bati, mvua inakingwa mlangoni, Lois hateremki tena. Wakatoa makopa, wakaezeka. Mvua haikuja. Dari ikabaki tupu, na shambani ukabaki muhogo mchungu peke yake, ule ambao hata nguruwe pori hawaugusi.

Makopa yanataka wiki, na tumbo halisubiri wiki. Akafanya wanachofanya wanawake wa kwao miaka mibaya: akamenya, akautwanga mbichi, akauanika juu ya mwamba, akautwanga tena, akachekecha. Unga huo wanauita chinyanya. Bibi yake alikuwa akiuanika siku kadhaa, anautwanga na kuuanika tena. Winfrida aliuanika asubuhi na kusonga ugali jioni. Mara nyingine kichwa kiliuma, Lois alitapika mara mbili. Wakasema ni njaa.

"Siku moja," alisema. "Mara nyingine haikutimia."

Daktari aliandika. "Kitoweo?"

"Majani. Chumvi ikiwepo."

"Muhogo mchungu una sumu, mama. Jua na siku nyingi ndivyo vinavyoitoa. Mwili nao una namna ya kuishughulikia, lakini unataka kunde, mbaazi, samaki, chochote cha kuupa nguvu. Ukikosa vyote viwili, sumu inakwenda kwenye njia hii." Aligusa ule mstari aliouchora. "Kule Zaire wanauita konzo. Huku kusini nao umeshaonekana. Unapenda watoto wanaokua, na akina mama. Kwa nini huyu na si wewe, hatujajua yote. Ndiyo maana tunagonga magoti."

"Basi ni mimi," Winfrida alisema. "Nimemtwanga mwanangu kwa mkono wangu."

Dakta Salmini aliweka kalamu chini. "Ni sumu na ni njaa. Wewe ulikuwa unampa mtoto chakula." Akamsogezea ile karatasi. "Sikiliza, nisikudanganye. Njia iliyokatika hairudi kama zamani. Lakini haitazidi kukatika mkiacha huo unga. Atatembea kwa fimbo, pengine mbili. Mnyoosheni miguu kila siku. Na akili yake ni nzima kabisa, umemsikia mwenyewe akihesabu. Arudi shule. Asikwambie mtu vingine."

Wakamchongea Lois fimbo mbili hospitalini. Jumatatu walirudi Kitangari, wakakuta neno limeshafika siku nne kabla yao.

Jirani yao, Mama Safari, alikuja kutoa pole akasimama mlangoni, amemshika mwanawe mkono asiingie. "Pole, Mama Lois. Tumesikia. Kichwa! Bora hata ingekuwa miguu."

"Ni miguu."

"Erasto amesikia kwa masikio yake. Ubongo umeharibika."

Vitalis alikaa kwenye kigoda akimnyoosha binti yake miguu kama alivyoelekezwa. Jioni alimwambia mkewe, "Mwalimu Nurdini ameita mkutano wa wazazi keshokutwa. Wanataka jina la Lois lifutwe. Wanaogopa. Wengine wanasema atafanya fujo, wengine wanasema inaambukiza."

"Na wewe unasemaje, Baba Lois?"

"Kaka alisema ubongo. Mimi sijui ubongo ni nini."

Winfrida akamweleza balozi na wilaya, uzi mmoja mpaka kiunoni, kidole cha daktari kilichoruka. Vitalis alisikiliza mdomo wazi. Lakini juu ya unga Winfrida hakusema kitu. Alfajiri mbili mfululizo alipiga magoti akaomba mkutano uishe bila swali hilo kuulizwa. Alijua vizuri alichokuwa akiomba.

Jumatano mchana darasa la sita lilijaa wazazi, wamebanana kwenye madawati ya watoto, magoti yamegusa videvu. Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Fortunatus, mtu mnene mwenye sauti, alikaa mbele juu ya meza ya mwalimu kwa kuwa kiti hakikumtosha. Mwalimu mkuu Nurdini alishika rejesta. Lois alikaa mlangoni na fimbo zake.

"Tunamhurumia mtoto," Mwalimu Nurdini alianza, na ilionekana kweli anamhurumia. "Lakini nina watoto arobaini na saba humu ndani. Mgonjwa wa akili..."

"Si mgonjwa wa akili, mwalimu."

"Shemeji," Erasto alisema kutoka dawati la mbele, "daktari alishika kichwa. Nilikuwepo."

"Ulikuwepo, ukatoka kutafuta maji, mpaka leo hatujayanywa."

Darasa likacheka. Winfrida akasimama, miguu inamtetemeka, na hata katika hofu ile alijikuta anashangaa: nani anaitetemesha? Akasogea mbele. "Mwenyekiti, shikamoo. Naomba goti lako."

"Marahaba. Goti langu?"

"La kulia. Liache lining'inie."

"Mama Lois, mimi ni mtu mzima."

"Mpe goti, mzee!" mtu alipiga kelele. "Au unaogopa?"

Fortunatus aliuning'iniza mguu kutoka mezani. Winfrida aliokota dasta ya ubao, akagonga chini ya goti kwa ukingo wake. Hakuna kitu. Akagonga tena. Hakuna. Minong'ono ikaanza.

"Umejikaza, mzee. Shika vidole vya mkono huu kwa vya mkono huu. Vuta kama unagombania kamba. Vuta zaidi!"

Mwenyekiti alivuta, mashavu yamejaa, na Winfrida akagonga. Mguu wa mwenyekiti ukaruka, ndala ikatoka, ikampata Erasto kifuani.

Darasa zima lililipuka. Fortunatus aliutazama mguu wake, kisha akawatazama watu, kama anayetaka kushuhudiwa. "Sikurusha," alisema. "Haki ya Mungu, sikurusha mimi."

"Nani amerusha?"

"Sijui!"

"Basi na Lois hajui. Mwenyekiti, akili yako imeharibika?"

"Haijaharibika!"

"Na ya Lois haijaharibika." Akawaeleza kama alivyoelezwa, taratibu, akichora ubaoni kwa chaki: utosi, njia, kiuno, balozi anayejifanya mfalme. Kicheko kilikwisha. Watu waliinama mbele. Mzee mmoja alijigusa utosi, akateremsha kidole shingoni mpaka mgongoni, akakiacha hapo. Mtu alisema kwa sauti ya chini, "Yote haya tunatembea nayo?"

"Lois," Winfrida alisema. "Mia moja, utoe saba saba."

Lois alihesabu kutoka mlangoni. Mwalimu Nurdini alimfuata ubaoni, na kwenye arobaini na nne chaki yake ilikuwa bado inatafuta hamsini na moja. Lois alifika mbili, akanyamaza. Mwalimu alifuta mkono kwenye suruali.

"Nimeridhika na kichwa," alisema.

Lakini Mama Safari alikuwa amesimama, na safari hii hakukuwa na kejeli usoni pake, ila woga. "Mimi sijaridhika. Kama si wazimu, na si polio, na haambukizi, ugonjwa huu umetoka wapi? Jumapili alikuwa mzima, Jumatatu hatembei. Kesho wangu akiamka amesimama kwa ncha za vidole? Tuambie umetoka wapi, au asikae na wanangu."

Watu wakaitikia. Mwalimu aliifungua rejesta tena.

Hilo ndilo swali aliloliombea lisije. Winfrida alimtazama Vitalis, aliyekaa pembeni karibu na dirisha. Alimtazama Lois. Ulimi ulikuwa wake. Kitufe kilikuwa kwake. Hakuna mtu mwingine ambaye angekibonyeza. Bwana, alisema moyoni, amri nimeipata, ifikishe.

"Umetoka kwenye kinu changu," alisema. "Ni chinyanya. Nilitwanga mbichi, nikaanika siku moja, nikamlisha tangu Agosti bila kitoweo. Sumu yake ndiyo iliyokata njia. Daktari amesema. Ni mimi, mamaye."

Benchi likaanguka. Ni Mama Safari, ameshika mdomo. "Wangu nimeuanika leo asubuhi," alisema. "Uko juu ya mwamba sasa hivi." Akatoka mbio akimpita Lois mlangoni, na wanawake wengine wawili wakatoka nyuma yake bila kuaga.

Vitalis naye alisimama. Hakumtazama mkewe. Alipita kati ya madawati, akatoka, na Winfrida akasikia moyo wake ukidunda kama ule unyayo juu ya kiganja cha daktari. Watu walitazamana. Mwalimu Nurdini alijifanya anasoma majina.

Lilisikika gurudumu likisaga changarawe. Vitalis aliingia darasani na baiskeli yake, akaisimamisha mbele ya ubao, chini ya michoro ya mkewe. Kwenye kiti cha nyuma alikuwa amefunga mto, na pembeni vipande viwili vya mpira vya kuchomekea fimbo. Vilikuwa vimefungwa kwa ufundi. Haikuwa kazi ya leo.

"Mabati tulitaka wote wawili," alisema. Sauti yake ilikuwa ngeni humo ndani, wengi hawakuwahi kuisikia mkutanoni. "Makopa nilibeba mimi kwenda kwenye roli. Anayetaka kumsema Mama Lois aanze na mimi."

"Baba," Lois alisema, "daktari amesema nitembee."

"Utatembea nyumbani na uwanjani. Njia hii ni ndefu." Akamgeukia mwalimu mkuu. "Unafuta au hufuti?"

Mwalimu Nurdini aliifunga rejesta. "Sifuti. Lakini nataka neno, Baba Lois. Mtoto akikosa shule mwezi mmoja, siwezi kumtetea."

Vitalis alivua kofia, akaweka mkono mmoja juu ya utosi wa binti yake, pale mkewe alipochora, na mwingine juu ya usukani.

"Mwenyekiti sikia, kaka sikia, nyote sikieni. Mimi, Vitalis, mbele ya Mungu na mbele yenu, kila siku kengele ya shule hii itakapolia, mvua au jua, korosho ziokotwe au zioze, Lois atakuwa amekaa kwenye dawati lake mpaka amalize la saba. Na yeyote atakayeishiwa unga aje kwangu kabla hajashika mchi, hata kama kilichobaki kwangu ni chakula cha siku moja, tutagawana."